Msumari wa Koro Tīmoti

Kwenye ukuta wa nyumba ya mababu hapa ghubani Waikōtare upo msumari usiotundikwa kitu. Uko katikati ya picha ya mke wangu Materoa na picha ya kijana mmoja aliyefia vitani ng'ambo, na watoto wakiuliza ni wa nani huambiwa waende wakacheze nje. Ni mimi niliyeupigilia. Siku hizi mgongo umeniharibikia na kazi yangu kubwa ni kukaa, basi nakaa pale chini nikiutazama. Watu husema mzee Eruera anasali. Wacha waseme.

Siwezi kuueleza msumari huo bila kumweleza Materoa, kwa sababu mambo yote yalipitia mikononi mwake, na mikono ile haikuwa na kosa.

Alikuwa mpiga picha. Simaanishi kama hawa wa leo wanaoinua simu na kujipiga wenyewe wakila. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye shingo ya ngozi iliyokunjwakunjwa, ilisimama kwa miguu mitatu, na mbebaji wake nilikuwa mimi. Nilikuwa mkata manyoya ya kondoo, mabega ninayo, lakini kwa vilima vya huku niliitukana kamera ile kila penye mteremko. Yeye alitangulia mikono mitupu, akiniambia nisiyumbishe lenzi. Aliinunua kwa Mzungu mmoja mzee wa mjini aliyekuwa anafunga duka lake, akaja kuiweka katika banda letu la kukamulia ng'ombe, na tangu siku hiyo ng'ombe wetu walikamuliwa mvuani.

Kamera ya namna ile haina mkanda wa filamu. Kila picha ina bapa lake la filamu, kubwa kama kiganja cha mwanamume kilichokunjuliwa, na bapa hilo hutiwa katika kikasha chembamba ndani ya giza totoro, kwa kupapasa. Bapa likishaona uso mmoja halitakiwi kuona mwingine. Vikasha vya Materoa vilikuwa vikuukuu, alama za kiwandani zimefutika, kwa hiyo alijitungia zake. Kikasha chenye bapa jipya alikifunga utepe mweupe, na akishakipigia picha aliufungua akafunga mweusi. Kitu chepesi, hata mtoto angekielewa. Zikumbuke hizo tepe.

Alipiga nyeusi na nyeupe tu. Rangi, alisema, ni za mapazia. Alikuketisha, akakushika kidevu kama anayenunua farasi, kisha akajifunika kitambaa chake cheusi nyuma ya kamera, na sauti ikatoka humo ikikuamuru usipepese, usicheke, usipumue. Bibi zetu walilalamika kwamba mwanamke huyu anawazoesha kufa. Walikuja hata hivyo, wamevaa vidani vya jiwe la kijani na kofia za kanisani, kwa sababu kila mmoja alijua picha yake inakwenda wapi.

Inakwenda ukutani. Huku kwetu, ukutani mwa nyumba ya mababu hukaa waliokufa tu. Mtu akifa, picha yake husimamishwa kando ya jeneza siku zote za matanga, na mwaka ukipita hutundikwa pamoja na wenzake, nasi tukiingia tunawasalimu wao kwanza. Picha ya aliye hai haivuki mlango ule. Ukiwa na picha ya harusi ambayo mume amekufa na mke yupo, unamkata mke au unangoja. Mimi si mtu wa kuogopaogopa, nimewahi kulala makaburini nikiwa nimelewa, lakini sijawahi kuingia mle na picha ya mwanangu mfukoni. Wapo waliofanya hivyo kwa kusahau, na yaliyowapata sitayasema nikiwa nimekaa humuhumu.

Msemaji wetu enzi hizo, miaka ya sabini, alikuwa Koro Tīmoti. Koro ndivyo tunavyomwita mzee wa kiume, na yeye ndiye aliyekuwa Koro wa wote. Wageni wakiingia uwanjani mbele ya nyumba hii ndiye aliyesimama kuwapokea, na akifungua mdomo hata mbwa walikaa. Huyu hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Kaka yake alipigwa picha na sare yake, akapanda meli kwenda vitani, na kilichorudi nyumbani ni hiyo picha. Ndiye kijana niliyemtaja, wa upande wa pili wa msumari. Basi Koro akiniona nimebeba kamera ya Materoa alikuwa anavuka barabara, anatembea upande wenye matope.

Mkewe, Bibi Rīpeka, alimbembeleza kwa miaka. Alimuuliza, wewe ukienda, mimi nizungumze na mbao? Majira ya baridi ya mwaka ule kifua kilianza kumbana mzee, naye akakubali. Alikuja bandani na koti lake jeusi na fimbo yake ya kuchongwa, ndevu nyeupe zimechanwa, akaketi mbele ya pazia jeusi, akaikazia macho lenzi kama mtu anayetazama mdomo wa bunduki.

"Moja tu, Materoa," alisema. "Uso wenyewe ninao mmoja."

Akapiga moja. Alitoka chini ya kitambaa macho yamelowa, akaniambia pembeni kwamba hajawahi kupiga picha kama hiyo na kwamba anaogopa hata kukishika kikasha. Akakifunga utepe mweusi, akakiweka rafuni, akatuambia sisi wa nyumbani tusikiguse, Koro yumo. Hakulisafisha bapa siku hiyo, kwa sababu mvua zilikuwa zimetia matope kwenye tangi, na maji yenye mchanga hukwaruza filamu. Alisema atangoja maji yatulie.

Mle bandani aliyefagia ni dada yangu Pirihira. Alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, na hakuna sakafu iliyomponyoka. Alikuwa mwanamke wa sala na wa hofu, vyote kwa kipimo kikubwa. Mbele yake hukuweza kukalia meza ya chakula, wala kumruka mtu aliyelala, wala kuweka kofia panapowekwa mkate. Tulimcheka. Yeye alituambia tutacheka hivyohivyo mpaka tuchimbiwe.

Siku chache baadaye Materoa alimpiga picha mjukuu wetu Kararaina. Kara alikuwa na umri wa miaka sita, tukimlea sisi, na mama yake aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viatu mjini alikuwa ameomba picha ya kubandika kitandani. Materoa alimketisha kwenye kiti kilekile, mbele ya pazia lilelile, akamtilia mito ili asizame, na sweta yake ya kijani iliyokoza. Akachukua rafuni kikasha chenye utepe mweupe. Kara alipoambiwa asipumue akavimbisha mashavu, macho yakamtoka kwa kuzuia kicheko, na bibi yake akampiga hivyohivyo. Akafungua utepe mweupe, akafunga mweusi.

Wiki hiyohiyo Koro Tīmoti alianguka akifungua lango la kondoo. Alikaa hospitali siku moja, akafa.

Wajukuu zake walikuja kwetu kabla hata mwili haujafika uwanjani. Walisimama nje ya lango wamevaa nguo nyeusi na kuuliza jambo moja tu, picha iko tayari? Kando ya jeneza nafasi yake ilikuwa imeshatengwa. Materoa akawaambia jioni watakuwa nayo. Maji ya tangi yalikuwa yametulia.

Tukaziba mlango wa banda kwa mablanketi, akaingia na vikasha vyake vyenye tepe nyeusi, nikakaa nje juu ya pipa. Ilikuwa desturi yake kuimba wimbo wa kanisani polepole, kwa sababu hakuona saa gizani na wimbo ndio uliompimia muda wa dawa. Niliusikia ukienda vizuri, beti baada ya beti. Baada ya muda akaniambia kwa ndani kwamba filamu zimeiva, anaacha zikauke kidogo, kisha atoe Koro kwenye karatasi. Akaanza wimbo tena. Katikati ya ubeti akanyamaza.

Nilingoja. Hakuna sauti, hakuna maji.

"Eru," akaita. "Njoo. Funga mlango nyuma yako."

Ndani mlikuwa na ile taa nyekundu tu. Karatasi ilikuwa kwenye sinia la dawa na picha ilikuwa bado inapanda, maana haziji mara moja, huja kama mtu anayetoka majini. Niliona paji la uso la Koro Tīmoti. Niliona macho yake yale makali. Nikaziona ndevu zinakuja, na katikati ya ndevu, mahali pa mdomo, yakaja macho mengine mawili, ya mtoto, yamekodolewa.

Nywele zilinisimama na sioni aibu kusema. Uso wa Kara ulikuwa umekaa juu ya mdomo na kidevu cha Koro, mashavu yamevimba, na chini yake, pale mkono wa mzee ulipokuwa umeshika fimbo, ulionekana umeshika bega la mtoto.

"Amemkamata," Materoa alisema.

Akili ilinieleza pale pale kilichotokea. Bapa moja, nyuso mbili. Pazia lilikuwa jeusi, koti jeusi, na weusi hauandiki kitu kwenye filamu, kwa hiyo mtoto alipata nafasi tele ya kuingia. Hilo nililielewa. Lakini kuelewa hakukunisaidia hata chembe, kwa sababu mmoja wa watu wawili waliokuwa kwenye karatasi ile alikuwa njiani anakuja kuzikwa.

Materoa aliwasha taa ya kawaida na kulining'iniza bapa dirishani. Alikuwa na kisu kidogo, chembamba kama sindano, cha kufutia madoa. Alikichukua, akakisogeza kwenye filamu mpaka ncha ikagusa palipokuwa na jicho la Kara. Hapo akausimamisha mkono. Kumfuta mtoto maana yake ilikuwa kumkwangua, jicho kwanza, halafu jicho la pili, halafu mashavu, na yeye yuko nyumbani anapumua.

"Kiweke chini," nikamwambia.

"Nikimwacha, Koro hana mdomo. Nikimtoa..." Akaweka kisu.

Tulifikiria kukata karatasi, tubakize juu ya pua tu. Lakini huyu alikuwa msemaji. Tungewatolea watu msemaji asiye na mdomo, akae ukutani miaka na miaka, na watu wa ghuba ya jirani waje wamsalimu huku wanabana vicheko? Tukalifunga bapa na karatasi katika kitambaa chake cheusi cha kamera, tukarudi nyumbani.

Tulimkuta Kara amelala kitandani kwa Pirihira na kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Alikuwa amecheza kijitoni na binamu zake kutwa nzima, na watoto wanaocheza kijitoni wakati wa baridi huugua, hakuna la ajabu. Niliweka sikio kifuani pake. Kilikuwa kinalia kama bawaba ya mlango. Kilikuwa kifua kilekile nilichokisikia cha Koro alipokuwa ameketi bandani akingoja kupigwa picha.

Nilitoka nje nikashika ukuta.

Muuguzi wa wilaya alipita, akatoa dawa, akasema pumzi zikizidi kumbana tumpeleke hospitali ng'ambo ya kilima bila kungoja. Ilikuwa hospitali ileile. Baada ya muuguzi kuondoka ndipo Materoa alipomwambia Pirihira kilichotokea kwenye picha. Dada yangu alikuwa amesimama na bakuli la maji. Aliketi nalo sakafuni taratibu, yeye ambaye hakuwahi kukaa sakafuni penye mtu wa kumwona.

"Ni mimi," alisema. "Nilifagia, nikaona mmemfunga Koro utepe mweusi. Mzee yu hai, anakula, anakohoa, nyinyi mmeshamvika msiba. Nikamfungua."

"Ukamfunga mweupe," Materoa alisema.

"Nikamfunga mweupe. Ili apone."

Nilitaka kumwambia dada yangu maneno ambayo yasingerudi nyuma. Niliyafikisha mpaka kwenye meno. Materoa akanitazama, nami nikayameza, kwa sababu maneno hayo yalikuwa na jina la Kara ndani yake na kifo ndani yake, na nyumba ile jioni ile haikuwa mahali pa kuyatamka. Pirihira akasema tulichome bapa lote, liishe. Materoa akamuuliza kama yeye ataweza kutia moto kitu chenye uso wa mtoto. Pirihira akajifunika uso kwa aproni.

Basi hatukuweza kulikwangua, wala kulikata, wala kulichoma, na kesho yake wajukuu wa Koro walikuwa wameshatuma mtu wa pili kuuliza. Kilichobaki ni kumwambia mjane. Hapo napo palikuwa na kizuizi. Bibi Rīpeka hakuweza kutoka kando ya jeneza mpaka mumewe azikwe, na picha yenye mtoto aliye hai haikuweza kuingia palipo na maiti. Kwa hiyo Materoa, mwanamke ambaye maisha yake yote aliwaonyesha watu, ilimbidi aende kueleza picha kwa mdomo. Pirihira alibaki na mtoto. Tulipokuwa tunatoka Kara alikuwa anavuta pumzi kwa mabega.

Jeneza lilikuwa wazi barazani, wanawake wameketi mikekani pande zote, wamevaa nguo nyeusi na majani mabichi kichwani. Kando ya kichwa cha Koro walikuwa wameweka kiti, na juu ya kiti kofia yake, na mbele ya kofia nafasi. Kila mtu alitazama mikono ya Materoa na kuona ni mitupu. Alikwenda kwa magoti mpaka kwenye mkeka wa Bibi Rīpeka, nami nyuma yake, akamweleza yote kwa sauti ya chini, utepe, kiti, pazia, macho juu ya mdomo, mkono begani. Hakumtaja Pirihira. Alisema utepe ulibadilishwa nyumbani kwetu, basi.

Nilitegemea Bibi Rīpeka alie, au atufukuze, na haki angekuwa nayo. Alipozungumza aliuliza swali moja, mtoto anaendeleaje?

"Kifua, Bibi," Materoa alisema, na hapo ndipo akalia.

Bibi Rīpeka akageuka. Hakutugeukia sisi, alimgeukia mumewe, akampiga kofi dogo kwenye mkono uliolala kifuani.

"Wewe mzee," alimwambia. "Miaka yote nakubembeleza picha hutaki, na mara moja uliyokubali unaondoka na mtoto wa watu. Hukumwomba bibi yake, hukuniuliza mimi. Mwachie. Umenisikia, Tīmoti? Ondoa mkono wako, umwachie."

Wanawake waliokuwa karibu waliinamisha vichwa. Niliutazama mkono wa Koro. Sijui nilitegemea kuona nini.

Mjukuu wake mkubwa, jitu la miraba minne, akasogea akasema basi wazike kwanza, halafu familia iende kwa Materoa ikaione hiyo picha faraghani, nje ya uwanja, angalau wapate kumwona. Alisema kwa heshima, na kusema kweli ombi lake lilikuwa la haki. Bibi Rīpeka alitikisa kichwa.

"Picha ni ya wawili, basi itatundikwa wote wawili wakishakuwa wa ukutani. Atamngoja huyo mtoto mpaka azeeke. Haraka hajawahi kuwa nayo, hata harusini alichelewa." Kisha akamshika Materoa kifundo cha mkono. "Na wewe usije ukanionyesha kwa siri. Nikimwona mume wangu nitataka awe ukutani. Nikitaka awe ukutani, nitakuwa namtakia nini mjukuu wako?"

Koro alizikwa kesho yake na kofia yake ndiyo iliyokaa kitini. Tulinawa maji tukitoka makaburini, nami nikanawa mara mbili. Tulipofika nyumbani Pirihira alikuwa mlangoni, macho yamevimba, akatuambia Kara ameomba mkate wa viazi na jamu. Amekula, na ameomba mwingine.

Ungedhani hofu iliishia hapo. Sivyo. Hofu ya homa ina mwisho wake. Hii nyingine ilihamia kwetu na mizigo yake yote.

Mwaka ulipotimia Bibi Rīpeka aliniita nikapigilie msumari, kando ya shemeji yake askari. Alikuwa akiketi chini yake kila tulipokutana, akiusimulia habari za kondoo na bei ya manyoya. Alikufa bila kuuona uso wa mumewe tena, na picha yake yeye ilibidi itundikwe ukuta wa mkabala ili nafasi isijae. Mimi niliweka bapa na karatasi ndani ya sanduku la bati, nikatia kufuli, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Nimelala juu yake tangu wakati huo.

Na Kara akalelewa na ghuba nzima. Hakuna mtoto aliyelindwa kama yule, wala aliyechukia kulindwa kama yule. Hakuruhusiwa kuogelea kupita miamba. Wazee wasiohusiana naye walimsimamisha barabarani kumuuliza kama amevaa fulana ya ndani. Vijana wenye magari wakimpakia waliendesha kama wamebeba mayai. Shuleni wenzake wakimkasirikia walimwambia, "Anguka basi, tumwone Koro," na akirudi na habari hizo Pirihira alijifungia chumbani. Kila asubuhi mpaka alipokufa, dada yangu alimpapasa Kara paji la uso kabla hajasema hujambo.

Materoa hakuacha kupiga picha, lakini aliachana na tepe. Akipiga bapa alilisafisha siku ileile, maji yawe masafi yawe tope. Ndiyo maana watu waliopigwa baada ya mwaka ule wana mikwaruzo myembamba usoni, utaiona ukutani ukisogea karibu. Yeye mwenyewe nilimpiga mimi, akiwa ameshaanza kuugua, na picha imetoka na ukungu. Aliniambia nimeshindwa hata na mwanamke asiyekimbia. Siku za mwisho alinishika mkono akaniuliza kama kufuli ni zima. Nikamwambia ni zima. Akasema nisiwaamini vijana.

Maneno hayo yamenirudia mwaka huu. Vitukuu wa Koro Tīmoti wamekuja kutoka mjini, watoto wazuri, wana adabu, mmoja anasomea kuwa msemaji kama yeye. Wanataka kumwona. Wamenieleza kwamba siku hizi mashine inaweza kumtenga mtoto na mzee bila kisu, kwa dakika, hakuna atakayekwanguliwa. Nimewaambia mtoto huyo hatengwi na mashine wala na kisu. Wakaniomba niwaeleze basi, kwa kuwa ni mimi tu niliyebaki niliyeiona. Nilifumba macho nimtafute Koro. Nilipata paji lake, nikapata macho yake, nikapata ndevu, na nilipofika mdomoni nikamkuta Kara. Sina tena uso mwingine wa Koro. Niliwadanganya kwamba alifanana na kaka yake.

Natamani kumwona. Nasema hapa kwa sababu sina wa kumwambia: zipo siku ninavuta lile sanduku mpaka katikati ya chumba, nakaa nalo, nafikiria kwamba mimi ni mzee, nina hamu naye, na yumo humu. Halafu nasikia maneno ya Bibi Rīpeka, naona aibu, nalirudisha kwa mguu.

Kara sasa ana mvi na anaendesha lori la magogo. Ndiyo, katika kazi zote za dunia. Analiteremsha kwenye kilima kilekile cha kwenda hospitali, mvua inanyesha, udongo wa huku hauna adabu, barabara inameguka upande wa bahari. Nilipomwambia atafute kazi ya dukani alinicheka, akasema, "Babu, huyo Koro hajui kuendesha, atanipeleka wapi?" Kisha akanibusu kichwani akapanda.

Leo kumenyesha tangu alfajiri. Vitukuu wa Koro wako nyuma yangu wanatundika maua, wanaimba, na yule msemaji mdogo amenyoosha kidole akauliza kama anaweza kuupangusa kutu ule msumari, uwe tayari. Nimemwambia auache na kutu yake. Nimekaa hapa nikisikiliza kilima. Malori yamepita mawili, yote si yake. Lake nalijua, linapiga kelele kwenye kona mbaya, halafu linabadilisha gia, na bado sijalisikia.